Vidukari, Sumu na Manjano ya Viazisukari

Uingereza haina jua la kustawisha miwa. Sukari inayozalishwa huko hutoka katika viazisukari, zao linalolimwa zaidi mashariki mwa nchi, na adui wake wa miaka mingi ni ugonjwa unaogeuza majani kuwa ya manjano na kupunguza sukari mizizini. Katika miaka ya 1930 watafiti wa Ulaya walithibitisha kwamba ugonjwa huo ni wa virusi, na kwamba virusi hivyo huenezwa na vidukari, hasa yule wa kijani aitwaye Myzus persicae.

Msambazaji alipojulikana, ilionekana kwamba akiuawa ugonjwa ungekoma. Lakini sumu za wakati ule zilimuua mdudu aliyeguswa nazo tu, na vidukari hujificha chini ya majani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilipatikana sumu za jamii ya organofosfati, ambazo mmea huzifyonza na kuzisambaza ndani ya utomvu wake, hivyo kila kidukari aliyenyonya alikunywa pia sumu.

Hata hivyo, majaribio ya viazi mviringo, ambavyo navyo huambukizwa virusi na vidukari, yaliyofanywa katika kituo cha utafiti cha Rothamsted miaka ya 1950 yalitoa majibu mawili yaliyoonekana kupingana. Sumu ilipunguza sana virusi vinavyokunja majani, ilhali virusi vinavyoitwa Y viliendelea kusambaa karibu kama kawaida. Ufunguo ulikuwa umekwisha kupatikana kabla ya vita, kwa kazi ya Marion Watson wa kituo hichohicho. Kuna virusi ambavyo kidukari huvichukua na kuvipandikiza kwa muda mfupi mno, kisha akavipoteza upesi. Na kuna vingine vinavyomlazimu anyonye kwa saa kadhaa, lakini akishavipata hubaki navyo siku nyingi. Kwa virusi vya kundi la kwanza, sumu humkuta mdudu amekwisha kuuma. Kwa kundi la pili, humuua kabla hajahamia mimea ya jirani au kuzaa watakaoendeleza kazi hiyo. Hili ndilo jambo ninaloliona kuu katika historia hii nzima: sumu haiuokoi mche wa kwanza kuumwa, bali huwakinga majirani zake.

Virusi vya manjano ya viazisukari havienezwi kwa kasi ya virusi Y, kwa hiyo kupulizia kulisaidia, mradi kufanyike mapema. Ndiyo maana wakulima walianzishiwa utaratibu wa tahadhari: vidukari walihesabiwa mashambani, na idadi ilipofikia kiwango fulani wakulima wakaambiwa wapulizie.

Mwaka 1974 kinga hiyo ilizidiwa, na manjano yakatanda. Wapo waliolaumu majira, maana baridi ilikuwa hafifu na vidukari wengi walivuka salama hadi masika. Wengine walilaumu usugu wa wadudu dhidi ya sumu. Usugu ulikuwepo kweli: mwaka 1977 Alan Devonshire wa Rothamsted alieleza kwamba vidukari sugu hutengeneza kwa wingi kimeng'enya kinachoidhoofisha sumu mwilini. Lakini uchambuzi uliochapishwa 1975 ulikuwa umeonyesha kwamba ukali wa ugonjwa, mwaka hadi mwaka, hufuata siku za baridi kali na joto la masika. Nakubaliana zaidi na maelezo ya hali ya hewa: majira ndiyo yaliyowasha mlipuko, na usugu ukawanyima wakulima njia ya kuuzima.

Mwaka 1994 ikaja imidakloprid, sumu ya jamii ya neonikotinoidi iliyopakwa kwenye mbegu. Mche ulichipua ukiwa na kinga tayari, na kwa takriban miaka 25 manjano yalidhibitiwa vizuri. Gharama yake iliwaangukia nyuki, na mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku matumizi ya sumu tatu za jamii hiyo nje ya vitalu nyumba vya kudumu vya kioo au plastiki.

Mwaka 2020, baada ya baridi hafifu, Uingereza ilipoteza takriban robo ya mavuno yake ya viazisukari. Serikali ikatoa kibali cha dharura cha kutumia moja ya sumu hizo mwaka 2021, kwa sharti kwamba utabiri wa maambukizi uvuke kiwango maalumu. Baridi ilikuwa kali mwaka huo, na sumu haikutumika. Ilitumika 2022, 2023 na 2024. Mwaka 2025 ombi lilikataliwa, na sasa tegemeo kubwa ni mbegu zinazostahimili virusi, ambazo wazalishaji bado wanahangaika kuziunganisha na mavuno makubwa ya sukari.