Uliza Njia Kwanza

Kila nifikapo bandari ya Mwanza Kusini hutazama reli inavyoishia majini. Reli ilifika mji huu mwaka 1928. Miaka ya 1960 meli za mabehewa, Umoja na Uhuru, zikauunganisha na Kisumu na Jinja. Behewa lilivuka ziwa na mzigo wake bila kufunguliwa. Kilichobadilika ni chombo kilicholibeba.

Data za kompyuta husafiri vivyo hivyo. Kila njia huivika pakiti kichwa chake. Cha Etheneti kina baiti 14: sita za anwani ya mpokeaji, sita za mpelekaji, mbili za aina ya mzigo. Siku moja nilinasa pakiti za njia nyingine, nikazisoma kama za Etheneti. Nikaona takataka tupu, nikalaumu waya usiku kucha. Kumbe faili la pcap huanza na baiti 24, na nne za mwisho hutaja aina ya njia. 1 ni Etheneti. Sikuzitazama.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Umoja ikabaki Tanzania, Uhuru ikawa ya Kenya. Upana wa reli haukubadilika; kilichokatika ni makubaliano. Tangu usiku ule huuliza njia kwanza, ndipo nilaumu mzigo.