Siku 2,300 za Danieli

Siku 2,300 ni kipindi kinachotajwa katika Danieli 8:14, mwishoni mwa maono ya kondoo mume na beberu. Nabii anaelezwa kwamba patakatifu palipokanyagwa na nguvu ya pembe ndogo patatakaswa muda huo ukishapita. Wako Wakristo wanaoamini kwamba unabii huo ulitimia karne mbili kabla ya Kristo, na wako walioutumia kukokotoa mwaka wa kurudi kwake. Hesabu yenyewe haikuwa kiini cha ugomvi, kwa maana kujumlisha na kutoa kila upande uliweza. Waliachana njia mapema zaidi, katika kuamua siku ya unabii ni siku ya namna gani na hesabu ianzie wapi.

Usomaji wa kale unamtambua Antioko IV Epifane, mfalme wa nasaba ya Waseleuko waliotawala Siria, kuwa ndiye pembe ndogo. Antioko alilinajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 KK, na Yuda Makabayo akaliweka wakfu upya mwaka 164 KK. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, aliyasoma maono hayo hivyo, na usomaji huo ndio unaoshikwa na wataalamu wengi wa Agano la Kale hadi leo. Lakini namba zake hazikai sawasawa. Kiebrania cha aya hiyo hakisemi siku, bali kinataja jioni na asubuhi. Wafasiri wengine wanaona hapo sadaka mbili za kila siku, kwa hiyo sadaka 2,300 ni siku 1,150, kama miaka mitatu na miezi miwili. Kitabu cha 1 Makabayo kinatoa miaka mitatu na siku kumi tu kati ya kunajisiwa kwa madhabahu na kutakaswa kwake. Wengine huhesabu siku 2,300 kamili na kurudi nyuma hadi mwaka 170 KK hivi, wakati wa fujo za kugombea ukuhani mkuu. Kila hesabu inakaribia, lakini hakuna inayofika pale pale bila kusukumwa kidogo.

Usomaji wa pili umejengwa juu ya kanuni ya siku moja kwa mwaka mmoja, inayoegemezwa kwenye Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6. Katika karne ya 12 Joachim wa Fiore, abati wa Italia, aliitumia kwa siku 1,260 za Ufunuo. Baada ya Matengenezo ya Kanisa ilienea miongoni mwa Waprotestanti, ambao wengi wao waliona Upapa katika alama za Danieli. Isaac Newton mwenyewe aliifuata katika ufafanuzi wake wa Danieli na Ufunuo, uliochapishwa mwaka 1733, miaka sita baada ya kufa kwake. Kwa kanuni hiyo siku 2,300 ni miaka 2,300, na Antioko hatoshi tena kuijaza.

Aliyeifikisha hesabu hiyo kwa umma ni William Miller, mkulima wa Low Hampton katika jimbo la New York, aliyepigana vita vya 1812 na kuongoka kuwa Mbaptisti mwaka 1816. Miller aliunganisha sura ya 8 na majuma 70 ya sura ya 9, kwa hoja kwamba malaika Gabrieli anarudi kumalizia maelezo aliyoyaanza. Majuma hayo, ambayo kwa kanuni hiyo hiyo ni miaka 490, yanaanzia kwenye amri ya kuijenga Yerusalemu, naye alichukua amri ya Artashasta, mfalme wa Uajemi, ya mwaka 457 KK. Kutoka hapo miaka 2,300 inafika 1843, au 1844 ikikumbukwa kwamba hakuna mwaka sifuri kati ya KK na BK. Patakatifu alipafasiri kuwa dunia, na kutakaswa kuwa moto wa ujio wa Kristo. Alianza kuhubiri mwaka 1831. Joshua Himes, mchungaji wa Boston, aliyasambaza mafundisho hayo kwa magazeti na mikutano ya mahema.

Wapinzani wake wengi hawakuwa watu wa kudharau Biblia, na jambo hili husahauliwa mno. John Dowling, mchungaji Mbaptisti kama Miller, alitoa kitabu cha kumjibu mwaka 1840 na kutetea siku 1,150 za Antioko. Moses Stuart wa seminari ya Andover alihoji kanuni ya siku kwa mwaka yenyewe: ikiwa Mungu alilazimika kuitamka waziwazi kwa Ezekieli, kwa nini idhaniwe kuwapo mahali asipoitamka? Wengine walirejea Mathayo 24:36, kwamba siku wala saa haijulikani. Miller alijibu kwamba mwaka haukukatazwa, na kwa muda mrefu alikataa kutaja siku. Kiasi hicho kilikuwa busara yake, nacho hakikudumu. Muda aliokuwa ameutaja ulipopita mwezi Machi 1844, Samuel Snow, mmoja wa wahubiri wa vuguvugu lake, alitoa hoja kwamba sikukuu za Kiyahudi za majira ya kuchipua zilitimia katika ujio wa kwanza, hivyo Siku ya Upatanisho, ya kumi ya mwezi wa saba, itatimia katika ujio wa pili. Kwa kalenda ya Wakaraimu, madhehebu ya Kiyahudi, siku hiyo iliangukia Oktoba 22, 1844. Hoja hiyo ilishika moto katika mkutano wa Exeter, New Hampshire, mwezi Agosti, na hatimaye Miller naye akaikubali.

Oktoba 22 ilipita. Waumini waliokuwa wameacha mazao shambani na kufunga maduka walilia hadi alfajiri. Tukio hilo huitwa Kukatishwa Tamaa Kukuu. Wengi walirudi makanisani mwao au kuacha imani. Wengine walishika tumaini na kuitupa tarehe. Miller aliungama kosa la hesabu na kufa mwaka 1849 akiendelea kumngoja Kristo.

Kundi dogo lilifanya kinyume: lilishika tarehe na kubadili tukio. Hiram Edson na O. R. L. Crosier walifundisha kwamba patakatifu pa Danieli ni hekalu la mbinguni, ambamo Kristo alianza mwaka 1844 huduma ya mwisho ya upatanisho, inayoitwa hukumu ya upelelezi. Fundisho hilo linaegemea neno kutakaswa, linaloiunganisha aya na ibada ya Siku ya Upatanisho katika Mambo ya Walawi 16. Neno hilo limo katika tafsiri ya Kigiriki na katika Biblia ya Kiswahili ya Union, ila kitenzi cha Kiebrania kinatokana na mzizi wa haki, na wengi hukifasiri kurejeshewa hali yake ya haki. Kutoka kundi hilo liliundwa Kanisa la Waadventista Wasabato mwaka 1863. Wamisionari wake walifika Upare mwaka 1903 na Gendia, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1906, na tangu hapo unabii wa siku 2,300 umefundishwa kwa Kiswahili katika makambi na mikutano ya injili.

Ndani ya kanisa hilo mjadala ulifufuka mwaka 1980, pale Desmond Ford, mwanateolojia wa Australia, alipowasilisha utafiti wa karibu kurasa 1,000 kwenye mkutano wa Glacier View, Colorado, akidai kwamba hukumu ya upelelezi haithibitishwi na Danieli 8:14. Kanisa lilimnyang'anya hati za uchungaji. Mwaka 1844 bado umetajwa katika fundisho la 24 kati ya mafundisho yake 28 ya msingi.