Hasimu: Neno Lililozaliwa Mbele ya Kadhi

Ukiipa mgongo ngome ya Lamu, ukaielekea bahari, mtaa wa Mkomani uko mkono wako wa kushoto na wa Langoni wa kulia. Hakuna ukuta baina yao. Usita wa Mui, njia kuu ya mji, unapita moja kwa moja toka upande huu hadi ule. Hata hivyo aliyezaliwa Mkomani, katika majumba ya mawe ya koo za zamani, alijua mapema kwamba ng'ambo ya ngome kuna watu wa kushindana nao kwa ngoma na kwa tungo.

Watu hao waitweje? Magazeti yetu yana jibu lao: mahasimu. Neno hilo tunalitumia kila siku, kwa wanasiasa na kwa timu za mpira, na karibu kila mara tunalitumia kana kwamba maana yake ni maadui. Sikubaliani na matumizi hayo, na sababu yangu iko ndani ya neno lenyewe.

Hasimu limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa kh, sw na m. Kama khabari ilivyokuwa habari na khatari ikawa hatari, kh ya mwanzo imelainika ikawa h, na mwisho wa neno ukapewa irabu ili ulimi wa Mswahili upate pa kutulia. Husuma na uhasama ni watoto wa mzizi huo huo. Lakini khaswm wa Kiarabu si mtu wa kuviziwa njiani. Ni mwenzako katika shauri, yule mnayesimama naye mbele ya mwamuzi, kila mmoja na madai yake. Waliosoma chuoni watakumbuka Sura Swad, aya ya 21 na kuendelea: mahasimu wanapanda ukuta na kumwingilia Nabii Daudi mihrabuni. Daudi anashtuka, lakini hawakuja kupigana. Mmoja ana kondoo tisini na tisa, mwenzake ana mmoja tu, na huyo mmoja anatakiwa. Wamekuja kuamuliwa. Kwa Kiarabu neno khaswm linaweza kumtaja mmoja, wawili au kundi zima bila kubadilika, kana kwamba hasimu hawi hasimu akiwa peke yake.

Kiswahili hakikukosa maneno yake. Mshindani yuko, mpinzani yuko, na washairi wa kale wa pwani ya kaskazini walimpenda sana mtesi, ambaye kwao si mwenye kutesa bali mwenye kuteta: teta huzaa mtesi kama fuata inavyozaa mfuasi. Mtesi hutosheka na ugomvi. Hasimu hutaka hukumu.

Tofauti hiyo Waamu waliiishi. Habari za Lamu zilizoandikwa na Shaibu Faraji al-Bakari, zikachapishwa mwaka 1938, zinasimulia makao mawili, Hidabu na Weyuni, yaliyopigana kabla ya kuwa mji mmoja. Baadaye zikaja pande za Zena na Suudi, zikigombea usemi wa mji. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 19, Wamazrui, watawala wa Mombasa, wakiwa pamoja na watu wa Pate, waliishambulia Lamu, wakavunjwa vibaya kwenye mchanga wa Shela. Hivyo ndivyo vita vya Kuduhu. Baada yake Lamu ilijiweka chini ya Seyyid Said wa Oman, na ngome ikakamilika mwaka 1821.

Wakati wa vita hivyo washairi walipelekeana tungo: Muyaka bin Haji kwa upande wa Mombasa, Bwana Zahidi Mngumi kwa upande wa Lamu. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walizikusanya katika kitabu Mashairi ya Vita vya Kuduhu, mwaka 1995. Kujibizana kuna adabu yake: anayejibu huingia katika bahari ile ile ya shairi, akashika mizani ya mwenzake, na humo humo amshinde. Akivunja vina, ameshindwa hata kama ana haki. Watu walikuwa wakiuana, na bado walikubaliana shairi ni nini.

Ngoma za beni zilipoenea pwani kuanzia miaka ya 1890, Mkomani na Langoni zilishindana kwa hizo pia, kwa mavazi na kwa karamu zilizokula mali nyingi. Mwanachuoni Habib Swaleh alipoujenga Msikiti wa Riyadha huko Langoni, karibu na mwaka 1900, wakubwa wengi wa Mkomani hawakumpokea mara moja. Leo Maulidi ya Riyadha huujaza mji wote, na watu wa pande zote mbili husimama katika safu moja.

Kwingineko Afrika Mashariki watu wamejitafutia maneno ya upole zaidi. Mashabiki wa Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na wa Simba, ya mwaka 1936, huitana watani wa jadi. Nairobi, pambano la Gor Mahia na AFC Leopards huitwa la mashemeji, na neno hilo nalipenda kuliko yote, kwani shemeji ni mtu ambaye ndugu yako amekwisha kulala kwao. Lakini siku ya mechi vichwa vya habari hurudi kwenye mahasimu, kwa sauti ya vita.

Wakati wa harusi au Maulidi, rudi Lamu ukatazame kirumbizi, ngoma ya fimbo. Zumari inalia, ngoma zinajibu, na wawili wanaingia uwanjani na bakora mkononi. Mmoja anapiga, mwenzake anakinga. Kisha anayekinga anapiga. Fimbo zinagongana kwa mdundo wa ngoma, na wazee waliouzunguka uwanja wanatazama mikono, si nyuso. Mpigaji akitoka nje ya mdundo, wao ndio wa kwanza kujua, na hasimu wake hushusha bakora akamngoja aupate tena.