Njia ya Miwa na Siku ya Watalii Kisiwani St Kitts

Katika kisiwa cha St Kitts, upande wa mashariki wa Bahari ya Karibi, familia inayoshuka asubuhi kutoka meli ya utalii kwenye bandari ya Basseterre huwa na mambo mawili makubwa ya kutazama kabla jua halijatua, nayo ni safari ya treni kandokando ya pwani na ngome ya Brimstone Hill. Matembezi hayo huchukuliwa kuwa starehe tupu, lakini reli hiyo iliwekwa kwa ajili ya sukari, na ngome ilijengwa ili kulinda koloni ambalo utajiri wake ulitokana na sukari hiyo hiyo.

Kabla ya miwa, kisiwa kilikuwa cha Wakalinago, ambao ni wenyeji wa asili wa visiwa hivyo. Waingereza walioongozwa na Thomas Warner walifanya makazi huko mwanzoni mwa miaka ya 1620, Wafaransa wakafika mwaka 1625, na mwaka uliofuata mataifa hayo mawili, ingawa yalishindana kwa kila jambo jingine, yaliungana kuwaua Wakalinago kwa wingi mahali ambapo hadi leo huitwa Bloody Point. Walowezi walianza kwa kulima tumbaku, kisha wakageukia miwa, zao lililohitaji wafanyakazi wengi mno, na ndipo Waafrika wakaletwa kwa maelfu, wakiwa watumwa, kuyalima mashamba na kuviendesha vinu vya kusagia miwa.

Ngome ilianza mwaka 1690, Waingereza walipopandisha mizinga kilimani ili kuwafukuza Wafaransa waliokuwa wameiteka Fort Charles chini yake, na ujenzi ukaendelea kwa muda wa karne moja hivi. Wahandisi wa jeshi la Uingereza ndio waliochora ramani, ila waliochonga mawe meusi ya volkano, wakachoma chokaa ya kuyashikanisha, na kuyapandisha kwenye mteremko mkali, walikuwa watumwa wa Kiafrika. Mwaka 1782 Wafaransa wapatao 8,000 waliizingira ngome, na askari wapatao 1,000 waliokuwa ndani wakastahimili takriban mwezi mmoja kabla ya kusalimu amri. Mwaka 1783 kisiwa kikarudishwa kwa Waingereza kwa mkataba. Jeshi liliihama ngome mwaka 1853, na mwaka 1999 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1834, ingawa waliokombolewa walilazimishwa kuwatumikia mabwana wao wa zamani hadi 1838 chini ya mpango ulioitwa uanagenzi, na hata baada ya hapo ardhi ilibaki mikononi mwa wenye mashamba. Reli, iliyojengwa kati ya 1912 na 1926, haikubadili hali hiyo. Ilikuwa reli nyembamba, yaani ile ambayo nafasi kati ya vyuma vyake viwili ni sentimita 76 tu, na kazi yake ilikuwa kukusanya miwa ya mashamba yote na kuipeleka kwenye kiwanda kimoja cha Basseterre. Mnamo Januari 1935 wakata miwa waligoma wakidai ujira bora, na katika shamba la Buckley watu watatu wakapigwa risasi wakafa. Mgomo huo ulitangulia machafuko ya wafanyakazi yaliyoenea katika makoloni ya Uingereza ya Karibi miaka iliyofuata.

Treni ya watalii ilianza mwaka 2003, na miaka miwili baadaye serikali ikaifunga biashara ya sukari iliyokuwa imedumu zaidi ya karne tatu. Leo mabehewa ni ya ghorofa mbili, na kila abiria hupewa kiti chini na kingine juu, mahali pa wazi pa kutazamia bahari. Hakuna ubaya wowote katika starehe hiyo, lakini watoto wanaopandishwa kwenye treni na kupelekwa ngomeni wanastahili kuambiwa waziwazi ni nani waliobeba mawe yale, na kwa nini watu watatu waliuawa katika shamba la Buckley.