Majani ya Meru, vidonge vya Uchina



Wiki iliyopita nilipita soko la Kilombero hapa Arusha nikakuta mama mmoja anauza majani makavu ndani ya vifuko vya nailoni. Eti yanatibu malaria, homa ya matumbo, hata korona. Majani yenyewe nayafahamu vizuri sana. Yamewahi kunilaza.

Ilikuwa mwaka 2019, likizo ya chuo. Nilitoka Morogoro nikafikia kwa shangazi yangu Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. (Kwa wageni: jina hilo limetokana na rangi ya maji ya mto, msije mkatafuta mashamba ya chai.) Homa ikanishika usiku wa pili. Shangazi akachuma artemisia nyuma ya jiko, akachemsha. "Kunywa, baba, haya ndiyo tuliyokuwa tunawauzia wazungu watengeneze vidonge." Chungu balaa! Lakini siku ya tatu nikawa nakula makande kama sina akili nzuri. Baada ya wiki tatu nikaanguka tena, safari hii kweli kweli. Zahanati wakakuta vimelea, wakanipa dawa ya mseto.

Sasa hapo ndipo historia inapochekesha. Nusu ya ile mseto imetokana na mmea ule ule wa shangazi.

Artemisia inayozungumzwa hapa ni ya Kichina, ya ukoo mmoja na alizeti, pareto na yale maua ya njano ya dawa yanayoitwa kalendula. Tarehe 23 Mei 1967, wakati wa vita vya Vietnam, Uchina ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ukaitwa 523 kwa sababu ya tarehe hiyo. Mtafiti Tu Youyou alikuwa akipata matokeo ya kupanda na kushuka, mpaka aliporudi kusoma kitabu cha tabibu Ge Hong cha karne ya 4. Mzee yule aliagiza majani yalowekwe kwenye maji na kukamuliwa. Hakusema yachemshwe! Tu akashuku kuwa moto mkali unaharibu dawa, akatumia etha isiyohitaji joto kubwa. Mwaka 1972 wenzake na yeye wakapata artemisinini safi. Mwaka 2015 akapewa Nobel.

Na sisi huku? Tunachemsha.

Klorokwini ilipokufa nguvu, Tanzania iliiacha mwaka 2001 ikaingia SP, na mwishoni mwa 2006 ikaja mseto. Dunia nzima ikawa inaitafuta artemisinini. Mwaka 2005 kilo moja ilivuka dola 1,000. Wakulima wa Arusha wakaambiwa walime, majani yakawa yanapelekwa kiwandani Athi River, Kenya. Shangazi naye alipanda nusu eka pale palipokuwa na maharage. Kisha Uchina na Vietnam wakalima kupita kiasi, na kufikia 2007 bei ikaporomoka hadi kama dola 200. Shangazi akarudi kwenye maharage. Mmea ukabaki uani, na sifa zake zikabaki.

Sifa hizo zilipanda tena Mei 2020, Waziri Palamagamba Kabudi alipokwenda Madagaska kuchukua kinywaji cha korona chenye artemisia. Naona mama wa Kilombero bado anakula matunda ya safari ile.

Msinielewe vibaya, sisemi majani hayana kitu. Dawa imo, ila katika kikombe haipimiki, na artemisinini ndani ya damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa chache. Vimelea vingi vinakufa, homa inashuka, unajisikia mzima. Vichache vilivyobaki vinazaana upya. Mseto una dawa ya pili, lumefantrini, inayokaa mwilini siku kadhaa kuvimaliza. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo kama tiba ya malaria. Tayari mkoani Kagera watafiti wamethibitisha vimelea vyenye usugu kwa artemisinini.

Nilimweleza shangazi yote haya. Akasikiliza, akasema mashina matatu yaliyobaki ni ya kufukuza mbu tu. Siku hizi nikienda napewa chai ya maziwa.