Kutoka Gurudumu la Phoenix hadi Kompyuta Inayojichapia: Historia Fupi ya Masahihisho

Sahihisho moja dogo linagharimu nini? Mwanachama anayeandika tasnifu yake kwa LaTeX leo atatujibu kwamba haligharimu kitu. Anabadili neno, anahifadhi faili, na kabla hajanywa funda la chai, ukurasa wa PDF ulio upande wa pili wa kioo umekwisha kubadilika. Hakubonyeza kitufe chochote cha kuchapa. Ipo programu iliyokuwa ikilinda faili lake. Imeona limeguswa, ikaupanga waraka mzima upya. Katika makala haya tunafuatilia njia iliyotufikisha hapo. Tunaanzia Durban penyewe, kwa sababu mji huu una historia ya chapa ambayo sisi wapenzi wa lugha hatuna budi kuijua. Mwishoni tutauliza swali linalotuhusu sote: masahihisho yakishakuwa rahisi hivi, kazi ya kusahihisha inabaki kwa nani?

Herufi za risasi

Tarehe 4 Juni 1903 toleo la kwanza la gazeti la Indian Opinion lilitoka Durban. Lilichapwa katika matbaa ya International Printing Press, iliyokuwa mali ya Madanjit Vyavaharik. Mhariri wake wa kwanza alikuwa Mansukhlal Nazar, na Mohandas Gandhi, wakati huo wakili, aliliandikia na kulitegemeza kwa fedha zake. Gazeti lilikuwa na lugha nne: Kiingereza, Kigujarati, Kihindi na Kitamili. Miezi miwili kabla yake, Aprili 1903, John Dube alikuwa ameanzisha Ilanga lase Natal kwa Kizulu. Mwishoni mwa mwaka 1904 Gandhi aliihamishia mitambo katika shamba la Phoenix, yapata kilomita 20 kaskazini ya mji, karibu na Inanda alikokuwa Dube na shule yake ya Ohlange.

Tuitazame kazi yenyewe. Mpanga chapa alisimama mbele ya kasha lenye vijumba vingi, kila kijumba na herufi yake ya risasi. Aliokota herufi moja moja, akaipanga kinyumenyume katika kishikio cha mkononi, akajaza mstari, kisha mstari mwingine, hadi safu ikatimia. Safu ikapakwa wino na kutolewa prufu. Msomaji wa prufu akiona neno limerukwa, mpanga chapa hakuweza kulichomeka tu. Neno jipya lilisukuma maneno yaliyofuata hadi mstari wa pili, wa pili ukasukuma wa tatu, na pengine aya nzima ikabidi ivunjwe na kupangwa tena. Aya ikirefuka, safu ikafurika. Safu ikifurika, ukurasa wa pili nao ukaguswa. Na gazeti lenye lugha nne lilihitaji makasha ya maandishi ya aina nne, pamoja na watu wanaoyajua.

Gandhi mwenyewe ameeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba pale Phoenix kila mkazi alitakiwa kujifunza kupanga herufi. Anakiri kwamba yeye alibaki nyuma ya wenzake hadi mwisho, na aliyewapita wote ni Maganlal Gandhi, mtu ambaye kabla ya hapo hakuwahi kufanya kazi katika matbaa. Ameeleza pia usiku wa toleo la kwanza pale shambani. Injini ya mafuta ilikataa kuwaka. Kwa bahati palikuwa na gurudumu la kuzungushwa kwa mikono, kazi ya watu wanne kwa wakati mmoja. Mafundi seremala waliokuwa wamelala humo waliamshwa, wakasaidiana na Albert West na wengine hadi asubuhi, na gazeti likatoka kwa wakati wake. Baadaye ukubwa wa karatasi ulipunguzwa ili dharura ikitokea nakala ziweze kuchapwa kwa mashine ya kukanyaga kwa mguu.

Kiswahili kilipitia mikono ya namna hiyo hiyo. Huko Unguja, Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwafundisha vijana kupanga herufi tangu miaka ya 1860, na mwaka 1888 jarida la Msimulizi likaanza kutoka Kiungani. Kwa hiyo waliolipa chapa Kiswahili mapema walikuwa wanafunzi, kama sisi.

Mashine ya Linotype, iliyoanza kazi Marekani mwaka 1886, ilipunguza taabu ya kuokota herufi, kwa kuwa ilimimina mstari mzima wa risasi kwa mara moja. Lakini hata hapo kosa la herufi moja lilimaanisha kumimina upya mstari wote, na fundi alipokuwa akirekebisha kosa la kwanza aliweza kuleta la pili.

Asubuhi iliyopotea

Hatua iliyofuata haikutoka kwa wachapaji. Ilitoka kwa watu wa kompyuta waliochoshwa na usahaulifu wao wenyewe. Mwaka 1976, katika maabara ya Bell huko Marekani, Stuart Feldman alitembelewa na mwenzake Steve Johnson aliyekuwa amefura hasira. Johnson alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu ambayo tayari alikuwa ameirekebisha. Faili alilibadilisha, ila hakulipitisha tena katika mtambo wa kulitafsiri kwa lugha ya mashine. Hivyo alikuwa akiendesha toleo la zamani huku akisoma jipya. Feldman akaandika programu iitwayo make. Wazo lake ni jepesi: kila faili lina saa ya kubadilishwa. Faili la chanzo likiwa jipya kuliko zao lake, zao limepitwa na wakati, basi litengenezwe upya. Lisilobadilika liachwe.

Wakati huo huo Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa na ghadhabu ya aina nyingine. Mwaka 1977 aliletewa prufu za toleo jipya la kitabu chake, zilizopangwa kwa mtambo mpya wa picha badala ya risasi, akaziona mbaya mno. Akaamua kuandika programu yake ya kupanga chapa, akaiita TeX. Juu ya TeX, Leslie Lamport akajenga LaTeX katika miaka ya 1980. Tangu hapo mwandishi anaandika matini ya kawaida yenye alama, na kompyuta inafanya kazi ya yule mpanga chapa: kukata mistari, kusukuma aya, kufungua ukurasa mpya.

Lakini LaTeX ina tabia moja inayowashangaza wanaoanza. Ukiandika "tazama ukurasa wa 12", mtambo haujui namba hiyo mpaka umalize kupanga waraka wote. Kwa hiyo safari ya kwanza huandika namba katika faili la pembeni, na safari ya pili huzisoma. Yaliyomo yakiingizwa mwanzoni, kurasa husogea, na safari ya tatu huhitajika. Ukiongeza orodha ya marejeo, kuna programu nyingine ya kupita katikati. Mwanafunzi aliyesahau safari moja alipeleka kwa msimamizi wake tasnifu yenye alama za kuuliza mahali pa namba. Hayo ni masaibu ya Johnson yakijirudia.

Dawa yake ni latexmk, programu inayotunzwa na John Collins, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania. Latexmk huchukua alama ya utambulisho ya kila faili linalohusika, hata lile la pembeni, na kurudia safari mpaka hakuna kinachobadilika tena. Kisha ina hali ya kukesha: haifungi kazi, bali inabaki ikichungulia mafaili, na likiguswa moja inaanza upya yenyewe na kuonyesha ukurasa mpya. Programu za kuandikia kama Emacs, Vim na VS Code zinaweza kuiita kila unapohifadhi.

Kuchungulia kwenyewe nako kuna historia. Zamani programu ililazimika kuuliza kila baada ya muda, "Limebadilika? Limebadilika?", kama mtoto aliyeagizwa afunue chungu kila mara kuona kama maharage yameiva. Mwaka 2005 kiini cha Linux kiliingizwa huduma ya inotify, ambayo humwarifu anayesubiri mara tu faili linapoguswa. Ni kama chungu chenyewe kiite. Mwaka 2023 ikaja Typst, iliyoanzia Berlin, ambayo haipangi upya waraka wote bali hujitahidi kugusa sehemu zilizoathirika tu.

Kilichobaki mikononi mwetu

Je, historia hii inatufundisha nini sisi wa Durban? Tunaona mambo matatu.

La kwanza ni lugha. Kompyuta inayojichapia hukimbiza kosa kwa kasi ile ile inayokimbiza usahihi. LaTeX isipoambiwa lugha ya waraka, hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza cha Marekani. Kiswahili kina silabi zinazoishia kwa irabu: wa-na-fu-nzi, ki-ta-mbo, ng'o-mbe. Kanuni za kigeni huweza kupenyeza kisu kati ya n na z, au kati ya m na b, na mtambo usitoe onyo lolote. Yule msomaji wa prufu angeliona mara moja. Mwaka 2018 serikali ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kitafundishwa shuleni kama lugha ya hiari. Mwanafunzi wa KwaZulu-Natal akilishika jarida la Kiswahili, kila anachokiona humo kwake ni mfano wa kufuata. Kosa letu la chapa litakuwa somo lake.

La pili ni umeme. Injini ya Phoenix ilipogoma, gurudumu la mikono liliokoa toleo. Nchi hii imezoea mgao wa umeme tangu mwaka 2008, na mgao ukija, mtandao nao mara nyingi huondoka. Kupanga chapa kwenye tovuti ni kuzuri kwa kushirikiana, ila mtambo uliomo ndani ya kompyuta yako, yenye betri, ndio gurudumu letu. Tusiliache.

La tatu ni watu. Phoenix kila mtu alijifunza kupanga herufi, hata wakili aliyekuwa mzito wa vidole. Otomatiki inatushawishi tufanye kinyume: tumwachie mmoja anayejua kompyuta, sisi wengine tumtumie makala kwa simu. Mtu huyo akihitimu, anaondoka na jarida. Tunapendekeza kila mwanachama anayeandikia jarida hili ajifunze kuhifadhi makala yake katika faili lake, kuyapanga kwa latexmk, na kuelewa kwa nini safari zinarudiwa. Na siku ya prufu, mkesha wa mashine uzimwe. Kurasa zichapwe kwenye karatasi, zisomwe kwa sauti na watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akifuatisha kwa kalamu, kisha masahihisho yote yaingizwe kwa pamoja.

Indian Opinion lilikoma mwaka 1961, na makazi ya Phoenix yaliharibiwa katika ghasia za Inanda za Agosti 1985, kisha yakajengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2000. Ni mwendo mfupi tu kutoka mjini. Wanachama wasiofika bado wapange safari, nasi tutafurahi kuchapa watakayoyaandika wakirudi, baada ya prufu mbili.