Kitenzi Kimoja, Mataji Mawili: Kihispania, Kireno na Siasa ya Lugha

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri papo hapo. Kama Kihispania na Kireno vinafanana kiasi hiki, kwa nini vihesabiwe kuwa lugha mbili? Na kama Kimvita na Kiunguja vinatofautiana, kwa nini viitwe lugha moja? Makala haya ndiyo jibu langu la pili. Nitaanzia mahali ambapo wachambuzi wa siasa hawana mazoea ya kuanzia, yaani kwenye jedwali la vitenzi.

Tuchukue kitenzi cha kusema. Mhispania husema hablo, hablas, habla, hablamos, habláis, hablan. Mreno husema falo, falas, fala, falamos, falais, falam. Sisi Waswahili huweka nafsi na njeo mwanzoni mwa kitenzi (ninasema, tulisema), ilhali wao huvipakia vyote viwili katika kiishio kimoja mwishoni. Vitenzi hivyo viwili vina mzazi mmoja, neno la Kilatini lililomaanisha kusimulia hadithi, fabulare. Watu wa Castilla waliidhoofisha f ya mwanzo hadi ikawa h, na h hiyo leo haitamkwi kabisa. Wareno waliiacha f ilipokuwa.

Kilatini kilikuwa na makundi manne ya vitenzi. Lugha zote mbili ziliyapunguza yakawa matatu, na viishio vya makundi hayo ni vilevile: -ar, -er na -ir. Kitenzi cha kula, comer, kinaandikwa sawasawa pande zote mbili, na katika wakati uliopo nafsi nne kati ya sita zinalingana herufi kwa herufi: como, comes, come, comemos. Anayetazama ukurasa huo peke yake atadhani anasoma lahaja mbili za lugha moja.

Tofauti huonekana tukienda mbele zaidi. Kwa "nilisema" na "alisema", Mhispania ana hablé na habló. Mreno ana falei na falou, akiwa amehifadhi irabu mbilimbili zilizotokana na Kilatini ambazo jirani yake amezibana zikawa moja. Umbo falara kwa Kireno bado laweza kumaanisha "alikuwa amesema", kama lilivyokuwa katika Kilatini. Hablara ya Kihispania imehamia zaidi kwenye maneno ya sharti na matamanio. Mreno anaposema "utakapofika" au "ukisema" hutumia umbo maalumu la wakati ujao usio na hakika, nalo ni hai sokoni na nyumbani. Umbo la namna hiyo katika Kihispania limebaki hasa kwenye maandishi ya sheria na methali. Tena Kireno huweza kukipa kitenzi-jina nafsi: falar ni kusema, falarmos ni "sisi kusema". Kihispania sanifu hakina umbo hilo.

Je, hayo yanatosha kuzaa lugha mbili? Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, inatufundisha kwamba swali hilo haliamuliwi na vitenzi. Wagalicia husema falo, falas, fala. Husema falei na falou. Nao pia wana falarmos. Katika karne ya 13 lugha ya ushairi ilikuwa moja kusini na kaskazini mwa mto Minho. Hata Mfalme Alfonso wa Kumi wa Castilla, aliyeifanya lugha ya Castilla kuwa chombo cha sheria na elimu, alichagua Kigalicia-Kireno kwa tenzi zake za kumsifu Bikira Maria.

Kilichozitenga pande hizo mbili za mto ni taji. Ureno ilitambuliwa kuwa ufalme mwaka 1143, na ofisi za mfalme wake zikaanza kuandika kwa lugha ya nyumbani. Galicia ilibaki chini ya wafalme wa León na Castilla, na lugha yake ikapoteza mahakama, shule na karatasi za serikali. Chini ya utawala wa Franco, ambaye mwenyewe alizaliwa Galicia, lugha rasmi ilikuwa Kihispania peke yake. Ni baada ya katiba ya 1978 na sheria ya mamlaka ya jimbo ya 1981 ndipo Kigalicia kilipopata hadhi rasmi. Hadi leo wenyewe wanabishana kama ni lugha kamili au tawi la Kireno.

Vitabu vya sarufi navyo vilifuata taji. Antonio de Nebrija alitoa sarufi ya Kikastilia mwaka 1492, akamtunukia Malkia Isabel na kueleza katika dibaji kwamba lugha na dola huenda pamoja. Fernão de Oliveira akafuata kwa Kireno mwaka 1536, na João de Barros mwaka 1540. Hispania na Ureno zilipokuwa chini ya mfalme mmoja, kati ya 1580 na 1640, Kireno kilikuwa tayari na sarufi, maandiko na dola, nacho hakikumezwa. Ngome ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, katika kipindi hichohicho cha mfalme mmoja, lakini meza, bendera na gereza tuliazima kwa Wareno.

Kinyume chake pia ni kweli. Huko Buenos Aires watu husema vos hablás badala ya tú hablas, kiishio chao tofauti kwa nafsi ya pili, na hakuna anayedai kwamba hicho si Kihispania.

Sasa turudi pwani yetu. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya 1930 ikasimamia vitabu. Tangu hapo mtoto wa Mombasa aandikaye yuaja badala ya anakuja hutiwa alama nyekundu, ingawa umbo lake lina kanuni timamu kama lile lililosahihishwa. Kusini ya mto Ruvuma, Wamwani wa Cabo Delgado husema maneno ambayo Mswahili huyasikia kama ya jamaa yake. Wataalamu wengine huyaita lahaja ya Kiswahili, wengine lugha nyingine. Kati yao na sisi umepita mpaka wa wakoloni, na upande wao lugha ya ofisi ni Kireno.

Sipingi usanifu. Mtumishi wa umma anahitaji umbo moja katika waraka, na mwanafunzi anahitaji kitabu kinachosomeka Kigoma na Lamu. Ninachopinga ni kuchanganya uamuzi wa ofisi na ukweli wa sarufi. Mwalimu anaweza kumwambia mtoto, "Katika mtihani andika anakuja," bila kumwambia kwamba mama yake hajui kusema. Kauli ya kwanza humfundisha matumizi ya ofisi. Ya pili humfundisha kuona haya kwa sababu ya kwao, na Wagalicia wamelipia aibu ya namna hiyo kwa karne nyingi.